Wasomaji Tunao, Nakala Hatuna

Kitabu ninachokisoma sasa hakina jalada. Ni Kusadikika cha Shaaban Robert, nakala ya mjomba wangu, na ukurasa wake wa kwanza una majina tisa yaliyoandikwa kwa kalamu tisa tofauti. Ni majina ya watu walioazima, wakasoma, wakarudisha. La mwisho limeandikwa kwa wino wa kijani uliokwisha kupauka. Mjomba alinikabidhi mwezi wa nane, asubuhi niliyokuwa naondoka Tanga. "Nenda nacho, mwanangu, lakini andika jina lako." Nimeliandika. Mimi ni wa kumi.

Nakisomea Bergen, magharibi mwa Norway, mji wa mvua ambako nimeishi miaka kumi na moja sasa. Na kila nikikifungua nakumbuka msemo mmoja unaoniudhi: ukitaka kumficha Mwafrika jambo, liandike kitabuni. Nimeusikia mara nyingi zaidi huku ughaibuni kuliko nyumbani, tena kwenye mikusanyiko yetu wenyewe, Watanzania kwa Watanzania, sahani za pilau zikiwa mapajani. Mtu ataeleza jinsi Wanorwei wanavyosoma, kisha atatikisa kichwa: "Sisi bwana, kitabu na sisi wapi na wapi."

Kwamba wanasoma, wanasoma kweli. Pasaka ikikaribia maduka hujaa riwaya za upelelezi, na watu hupanda milimani kwenye vibanda vyao kusoma habari za mauaji kutwa nzima. Ni desturi iliyoanza 1923. Zipo maktaba ambazo mwanachama hufungua mlango kwa kadi yake mwenyewe, mhudumu akiwa ameshakwenda zake nyumbani, akachukua anachotaka na kuondoka. Mara ya kwanza kufanya hivyo nilisimama katikati ya rafu nikaona machozi yananilenga. Mimi ni mtoto niliyeanza kusoma riwaya katika maktaba ya mjini Tanga, ile iliyojengwa kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita, na najua thamani ya mlango wa maktaba.

Lakini huku kila mtu husoma na nafsi yake. Ukiacha kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee, sijawahi kuona mtu mzima akimsomea mtu mzima mwenziwe.

Sasa nieleze niliyoyaona Ngamiani, kwetu Tanga.

Nilikuwa nimebeba Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Ilitoka kwa Kiingereza 1994, mwandishi akapata Tuzo ya Nobel 2021, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ikatoka 2022. Miaka ishirini na minane kitabu cha pwani yetu kimezunguka ulimwengu kabla ya kufika pwani kwa lugha ya pwani. Nilikusudia kumpa mjomba, nikakuta mtoto wa jicho amemzidi, herufi hazioni tena. Basi binti wa kaka yangu, aliye kidato cha pili, akachukua jukumu. Kila baada ya Alasiri alikaa barazani akamsomea babu yake.

Siku ya kwanza walikuwa watatu. Siku ya nne nilihesabu watu tisa, na muuza kahawa alikuwa ameweka dele lake chini, hapiti tena mitaa mingine mpaka sura imalizike. Walipofika pale inapojulikana kwamba kijana Yusuf hakupelekwa kwa tajiri kutembea, bali ametolewa na baba yake kwa ajili ya deni, kusoma kulisimama karibu nusu saa. Mama mmoja jirani, muuza vitumbua, akasema, "Hakumuuza. Kamweka rehani. Rehani hukombolewa." Mjomba akamjibu, macho yake yakitazama barabarani asikokuona: "Haya, nani kaenda kumkomboa?" Hapo wakaanza kutaja watoto wanaowajua wao, waliopelekwa mijini kwa watu wenye uwezo ili "wasaidiwe", na kila mmoja alikuwa na wake wa kumtaja. Mimi kitabu hicho nilikwisha kukisoma kwa Kiingereza, peke yangu, siku tatu, nikakirudisha kwenye rafu. Swali la kukomboa halikunijia kabisa.

Watu hao ndio wanaoambiwa hawasomi. Walikuwa tisa kwenye nakala moja, na nakala yenyewe ilipanda ndege.

Nilikwenda mjini kutafuta nyingine. Maduka mawili niliyoingia yalikuwa na vitabu vya kiada na vya kujipimia mitihani, basi. Muuzaji mmoja alinieleza kwa upole kwamba akileta riwaya tano, hela yake inalala. Simlaumu, ana kodi ya fremu na ana watoto. Mtungaji naye, wa kumchapia nani ikiwa muuzaji anaogopa nakala tano?

Wanorwei walilijua tatizo hili hili. Nchi yao haifiki watu milioni sita, lugha yao haisomwi mbali na hapo, na soko lisingeweza kuwalisha waandishi wao. Kwa hiyo tangu 1965 serikali, kupitia Baraza la Sanaa, hununua mamia ya nakala za vitabu vipya vya fasihi na kuvigawa kwenye maktaba. Mchapishaji ana hakika ya wanunuzi kabla hajawasha mashine, na kijiji cha mwisho kaskazini kinapata riwaya mpya. Usomaji ule tunaouona hawakuzaliwa nao. Uliamuliwa, ukalipiwa.

Sisi tulio milioni 61 na zaidi kwa sensa ya 2022 hatuhitaji hata kwenda mbali kujifunza. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza nchini mwetu 1991, ulifuata njia hiyo hiyo: mchapishaji alikuwa akichapa nakala 5,000, mradi ukinunua 3,000 na kuzipeleka shuleni. Na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ya miaka hii inafurahisha moyo, kwa sababu miswada inayoshinda huchapishwa na kupelekwa shule. Ninachoomba ni kwamba vitabu visiishie getini mwa shule. Vifike kata, vifike kwa mama wa vitumbua.

Nayasema haya nikijua yanayompata anayetoka ng'ambo na ushauri. Katika Kusadikika, Karama anasimama kizimbani na kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kutazama mema ya wengine. Kila aliyerudi na jema alitiwa gerezani. Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, aliyezikwa Machui 1962, aliwaonea uchungu wajumbe wale, nami nawaonea. Ila nikisoma safari hii nimekuwa nikijiuliza habari yetu sisi wajumbe wa leo. Wale sita walileta sheria na utaratibu, kitu cha mtu kushika na kutumia. Sisi mara nyingi tunashuka uwanja wa ndege na dharau peke yake.

Jana binti wa kaka yangu amenitumia ujumbe wa sauti. Peponi imemalizwa, na mama wa vitumbua ameiazima aisikie tena kwake, mwanawe atamsomea. Kurasa za katikati zimeachia, wamezishona kwa fundi cherehani. Muuza kahawa anauliza kama kuna kitabu kingine cha huyo bwana kwa Kiswahili. Kisha, kabla hajakata, akasema wameanza kuandika majina ukurasa wa kwanza, na mpaka sasa ni manne. Nakala ya pili nimeagiza Dar es Salaam. Itapanda basi Jumatatu.