Nilivyokamatwa Nikisukuma Ukuta wa Jirani

Asubuhi ya kwanza nilidhani nimekanyaga mwiba. Kisigino cha kulia kiligusa sakafu tu, nikamwita mama, naye yuko Wete, kule Pemba. Mke wangu akawasha taa, akachukua sindano anayoshonea kofia, akachimba. Hakuna mwiba. Akachimba tena, maana hapendi kushindwa.

Ajabu yake, nikishatembea kidogo maumivu yanapungua. Nafika dukani Darajani kama mzima. Nikikaa kunywa kahawa kisha ninyanyuke, mwiba umerudi.

Wiki ya tatu nikaenda kwa mtaalamu wa viungo, kijana mdogo mpole. Akabonyeza kwa kidole gumba upande wa ndani wa kisigino. Nilivyopiga ukelele, foleni ya nje ilipungua. Akanieleza kuwa chini ya unyayo kuna ukanda mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino mpaka vidoleni. Ukichoshwa unauma, na ukilala unajikunyata, kwa hiyo hatua ya kwanza ya asubuhi unavutwa ghafla.

"Kazini unasimama?"

"Nauza vitambaa. Nasimama juu ya saruji kutwa."

"Na viatu?"

Sote wawili tukazitazama champali zangu. Zimelika hata ukikanyaga sarafu unajua ni ya shilingi ngapi.

Akaniagiza viatu vya soli nene, chupa ya maji yaliyoganda niiviringishe kwa unyayo, nivute vidole kabla ya kushuka kitandani, na subira, kwani jambo hili huchukua miezi. Tena ninyooshe shavu la mguu: mikono ukutani, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, elemea. Sekunde 30, mara 3.

Sasa, ukuta wetu ndio kwanza umepakwa rangi ya Idi, na mke wangu ameshatangaza hukumu ya atakayeugusa. Basi baada ya sala ya alfajiri, giza bado, nikauelemea wa jirani, pale uchochoroni. Nilisahau kwamba tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale, iporomoke Disemba 2020, watu wa Mji Mkongwe hawana mzaha na kuta. Nami nimevaa kikoi, kichwa nimeinamisha, nanong'ona hesabu zangu.

Dirisha la juu likafunguka.

"Yarabi! Mwanga! Mchawi! Anaisukuma nyumba!"

Ndoo ya maji ilinifikia kabla sijajibu. Wanaume waliokuwa wakitoka msikitini wakaja mbio.

"Nanyoosha kisigino," nikasema, maji yananichuruzika.

"Kisigino kiko chini," mzee mmoja akauliza, "mbona unasukuma juu?"

Swali zuri, wallahi. Nikaeleza, hawakuelewa, nikaonyesha. Wawili wakasema na wao visigino vinawauma, wakaja kuelemea ubavuni kwangu. Bi mkubwa wa dirishani kuchungulia tena, wanga wamekuwa watatu.

Mwisho aliniruhusu, kwa sharti anisimamie mwenyewe. Kila alfajiri hufungua dirisha na kunihesabia. Kisigino kinapoa pole pole, ila akiwa amegombana na mwanawe, 30 yake ni ndefu kama Ramadhani. Juzi alifika 17 akanyamaza. Nikangoja, mguu nyuma, goti limenyooka.

"Bi mkubwa?"

Sauti ikatoka jikoni: "Usiondoke hapo, mwanangu! Chai inafurika!"