Haja Ndogo ama Kubwa?

Hebu niambieni, wananchi wenzangu, tumefika wapi? Leo hapa kazini, Eneo la Viwanda, soja wa geti amehamishiwa mlango wa choo. Ana kiti, ana meza, ana daftari. Eti meneja amegundua vijana wanapoteza saa za kampuni chooni.

Nikamwendea taratibu, tai imenyooka, mtu mzima na heshima zake.

"Jina?"

"Soja, jana umekopa kwangu mia mbili, leo hunijui?"

"Jina, mzee. Na idara."

Nikataja.

"Haja ndogo ama kubwa?"

Nyuma yangu kuna foleni, na binti wa uhasibu yuko papo hapo. Nikakohoa.

"Mzee, ndogo ni dakika tatu, kubwa saba. Niandike gani?"

"Ndogo."

"Na ikibadilika huko ndani?"

"Ikibadilika si utafuta uandike kubwa!"

"Hapa hakufutwi. Kubadilisha lazima supavaiza atie sahihi."

Sahihi! Na supavaiza yuko wapi? Ametoka kuvuta sigara. Huyo hukaa nje mpaka tukamsahau, na daftari lake sijaliona. Mameneja nao wamejifungia mkutanoni tangu asubuhi, sambusa zinaingia kwa sinia, sinia linatoka tupu. Hiyo inaitwa kupanga mikakati.

Mimi sheria naijua kidogo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inanipa siku moja ya kupumzika katika kila saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Ile ya usalama na afya kazini, ya mwaka huo huo, inamtaka mwajiri aweke vyoo vya kutosha na visafi. Vyoo tunavyo, jamani! Kuvifikia ndiyo vita!

"Mzee, unaingia ama huingii? Dakika yako moja imeisha."

Imeishaje na bado niko kwa meza yako?

Wenzangu wameamua kuacha chai ya saa nne ili wasiwe na cha kuandikisha. Mimi siachi. Ila mama wa kibanda naye amebadilika: mandazi yake siku hizi ukiyauma unakutana na hewa. Nikimuuliza, unga umepanda. Wiki jana alisema ni mafuta. Na bei iko pale pale, anasema, nishukuru. Nishukuru hewa?