Tumeifanya dawa kuwa bima ya banda

Vifaranga wangu wa kwanza, 200 wa nyama, walikuta dawa inawasubiri. Hata hawajatolewa kwenye maboksi, mimi nilishakoroga kwenye maji yao unga wa njano wa oksitetrasaiklini, antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo alinielekeza hivi: "Dada, siku tano za mwanzo wape hii. Ukiona wanazubaa, rudia. Wasipochangamka, njoo nikupe kali zaidi." Sikumuuliza wanaumwa nini. Hakuna aliyekuwa anaumwa.

Naandika haya kwa sababu kila antibayotiki za mifugo zinapojadiliwa, mfugaji mdogo anatajwa kama mjinga au mroho. Mimi sikuwa mroho, nilikuwa na hofu. Mtaji wangu ulitoka vikoba, na mtu mwenye deni la vikoba hangoji kuku ajikunyate ndipo atafute tiba. Ule unga ulikuwa bima yangu. Hakuna kampuni ingenilipa banda likiteketea, lakini duka la dawa lilikuwa hatua chache kutoka nyumbani, liko wazi mpaka saa mbili usiku, na halidai cheti cha daktari yeyote.

Wiki ya tano kideri, ugonjwa wa kuku ambao wengine huuita mdondo, kiliingia. Aliyewahi kufuga anajua ninachosema: asubuhi unakuta kinyesi cha kijani, mchana mabawa yameshuka, jioni shingo zimepinda. Nilirudi dukani mara tatu, na mara tatu nikapewa dawa tofauti. Kuku waliendelea kufa. Afisa mifugo alipofika na pikipiki yake (kata nzima inamtegemea yeye peke yake), alimpasua mmoja, akanionyesha vidoa vya damu juu kidogo ya firigisi, kisha akauliza swali moja tu: "Chanjo uliwapa kwa maji gani?"

Ya bomba, nilimjibu. Nilikuwa nimeyakinga asubuhi ileile na kuchanganya chanjo humo humo. Akatikisa kichwa. Klorini ya maji ya bomba huua chanjo kabla kuku hajainywa. Halafu akanieleza jambo ambalo dukani sikuambiwa hata siku moja: kideri ni kirusi, na hakuna antibayotiki inayoua kirusi. Dawa zote tatu nilizonunua, kwa bei iliyoizidi chanjo mara kadhaa, hazikuwa na uwezo wowote juu ya ugonjwa ule.

Kuku 60 walibaki, na nilichowafanyia bado kinanisumbua. Niliwauza kesho yake. Kwenye paketi ya dawa kulikuwa na maandishi madogo kwamba mnyama asichinjwe mpaka siku kadhaa zipite tangu dozi ya mwisho, ili dawa iishe mwilini mwake. Niliyasoma. Lakini kila siku ya kungoja ilikuwa siku ya kununua chakula na kuokota mizoga, nami nikaona heri nusu shari. Waliwanunua akina mama lishe, wakawapikia watu wasiojua chochote. Wanaofuga kuku wa mayai wananielewa, maana ni nani kati yetu amewahi kumwaga trei 20 za mayai kwa sababu kuku wako kwenye dozi?

Lakini mabaki ya dawa kwenye nyama ni upande mmoja tu, na wala sio unaonitisha zaidi. Unaonitisha ni bakteria wenyewe. Ukiwapa kuku dozi ndogo ndogo za kila mara, vijidudu dhaifu vinakufa na vile vinavyoistahimili dawa vinabaki na nafasi yote ya kuzaliana. Ubaya zaidi ni kwamba bakteria wanaweza kupeana vinasaba vya usugu, hata wasipokuwa wa aina moja. Yule wa kwenye utumbo wa kuku, asiyemdhuru mtu, anaweza kumpa silaha yake yule anayetuletea maradhi. Na sehemu kubwa ya oksitetrasaiklini haivunjwi mwilini, inatoka kwenye kinyesi ikiwa bado dawa.

Kinyesi hicho kinaenda wapi? Maranda yangu ya bandani, yaliyojaa kinyesi, yalichukuliwa na kijana mwenye bustani ya mchicha bondeni, akanishukuru sana, kwani mbolea ya kuku haina mpinzani kwa majani. Mvua ikinyesha, bustani ile inaoshwa mpaka mtoni. Chini yake kuna watu wanaofua, watoto wanaoogelea, na bustani nyingine zinazomwagiliwa kwa maji yaleyale. Kila mkono katika mnyororo huo ni wa mtu anayetafuta riziki halali.

Siku hizi mitaani kwetu neno "UTI sugu" limezoeleka kama mafua. Unameza dozi, inarudi, mkojo wako unaoteshwa maabara ili kujua dawa ipi inaua vijidudu vyake, karatasi inarudi imejaa herufi R, yaani sugu, mbele ya dawa ulizozizoea. Sidai kwamba kila UTI sugu imetoka bandani. Sisi wenyewe tunanunua vidonge nusu dozi bila cheti, na hilo lina sehemu yake kubwa. Ila dawa nyingi tunazowapa kuku ni ndugu wa zile tunazomeza, na bakteria hawaangalii nembo ya kuku kwenye paketi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na mzigo mkubwa zaidi, ukilinganisha na idadi ya watu, ulikuwa Afrika kusini mwa Sahara.

Kisa cha kolistini ndicho kilichoninyima usingizi. Hii ni dawa ya zamani ambayo madaktari waliiweka kando miaka ya 1970 kwa kuwa inaumiza figo, kisha wakairudia kwa shingo upande pale nyingine zilipoanza kushindwa. Ni dawa ya mwisho kabatini. Wakati huohuo ilikuwa inachanganywa kwenye chakula cha nguruwe na kuku nchini China. Novemba 2015 watafiti wa huko walitangaza kinasaba kinachoweza kuruka kutoka bakteria mmoja hadi mwingine na kuifanya kolistini isifue dafu, na walikikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Mwaka 2017 China ikapiga marufuku kuitia kwenye chakula cha mifugo. Mimi jina hilo, kolistini, nilikuwa nalijua tayari. Lilikuwa kwenye lebo ya ile "kali zaidi" niliyopewa dukani.

Basi tufanye nini? Marufuku peke yake sioni kama itatufikisha. Ulaya ilikataza antibayotiki za kukuzia mifugo tangu mwaka 2006, na Sweden iliitangulia kwa miaka 20, lakini wafugaji wa huko wana daktari wa mifugo wa kumpigia simu. Mfano ninaoupenda ni wa Norwei na samaki wao aina ya salmoni. Mwaka 1987 mashamba yao ya samaki yalimaliza karibu tani 50 za antibayotiki. Ikaja chanjo nzuri, kila samaki akachanjwa, na miaka michache baadaye matumizi yakashuka hadi chini ya tani mbili huku samaki wakiongezeka mara nyingi. Wafugaji wale waliacha dawa kwa sababu walipata kinga wanayoiamini.

Chanjo tunayo. Ile ya kideri inayoitwa I-2 inatengenezwa hapa hapa Tanzania, Kibaha. Inastahimili joto kuliko nyingine, na ni tone moja tu jichoni kila baada ya miezi mitatu. Kinachokwamisha ni vitu vidogo ambavyo wakubwa hawavioni. Kichupa kimoja kinachanja mamia ya kuku, na kikishafunguliwa hakiwekwi mpaka wiki ijayo. Mama mwenye kuku 12 akinunue cha nini? Antibayotiki ipo kwenye paketi ndogo ya bei ya mfukoni. Ningekuwa na sauti wizarani, ningeanzia hapo: vichupa vidogo, maafisa mifugo zaidi ya mmoja kwa kata, na muuza duka atakayewajibishwa akitoa dawa bila kuuliza kuku wana nini.

Kwa sasa, mtaani kwetu tumejipanga wenyewe. Tuko nyumba tisa. Kila miezi mitatu tunachanga, tunanunua kichupa kimoja, na Jumamosi alfajiri, kuku wakiwa bado ndani, tunapita banda kwa banda na dropa. Hata bibi wa nyumba ya kona mwenye mitetea miwili anachangia sarafu zake, na anataka wa kwake waanze. Duru ijayo ni mwezi ujao, na nyumba mbili za ng'ambo ya barabara zimeshaomba kuingia.