Mama yangu anakuombea ukae vizuri

Mi mtu wa Tanga, nipo Granada huku kusini mwa Hispania kimasomo, nimepanga chumba kwa bibi mmoja wa miaka 70 na ushee. Bibi mkali ila roho safi, ananiita hijo, yaani mwanangu, na mi namwita señora, yaani bibi, na kumwambia usted, ile "wewe" ya heshima, kila sentensi, maana wenzetu huku mtu mzima wanamwambia tú, "wewe" ya kawaida, bila wasiwasi lakini mi nikijaribu naona kama nimempita mzee bila shikamoo.

Sasa siku moja bibi akasema anaenda hospitali, operesheni ndogo tu, wala nisijali. Ya nini hakusema na mi sikuuliza, mkubwa akishakwambia ndogo tu unaishia hapohapo. Akarudi baada ya siku mbili anatembea kama kabeba trei ya mayai, na kwapani ana mto wa duara wenye tundu katikati, ukiuona unasema hii ngata ya kubebea ndoo, ila ngata ya jitu. Nikajua ni mambo ya kiuno. Nikampigia mama Tanga nikamweleza, mama akasema mpe pole nyingi mwambie namuombea.

Shughuli ikaanzia kwenye hiyo pole, maana Kihispania hakina pole kama yetu inayofaa kwa mgonjwa, mfiwa na aliyejikwaa. Kwa mgonjwa wana "que se mejore", upate nafuu, vijineno vitatu hata muuza mkate anavisema. Ningevisema hivyo nikaenda zangu kulala. Ila mi wiki ile ndo darasani tumeanza subjuntivo, ile ya kutaka na kuombea na kutumaini, ukishatamka espero que, natumaini kwamba, kitenzi kinachofuata lazima kibadili mkia. Darasa zima limeshika vichwa, Mwingereza hoi, Mchina hoi, mi nacheka. Mwalimu kaandika ubaoni habla, anaongea, halafu hable, aongee. Nikasema mbona hii ya nyumbani jamani! Anaenda, aende. Anakaa, akae. A inakuwa E, kwisha habari. Na kale ka se kanakotangulia kitenzi si JI yetu tu, anajisikia, ajisikie. Nikajiona Kihispania nimezaliwa nacho. Kipindi kilichofuata sikwenda, kulikuwa na mechi.

Kumbe uchawi wote ulikuwa kwenye kipindi hicho.

Basi Jumamosi jioni, Januari, baridi inashuka kutoka milima ya Sierra Nevada inakuja moja kwa moja kwenye mifupa ya mtu wa Tanga. Bibi yuko sebuleni kwenye ile meza yao ya duara yenye kitambaa kizito hadi chini na hita imewekwa huko chini, mnaingiza miguu mnajifunika mapaja mnapiga soga, hiki kitu mi nasema ndo kimewaokoa hawa watu. Ana wageni, majirani watatu, kahawa, biskuti. Mi kwenye ngazi nilikuwa nishatunga risala. Me siento bien, najisikia vizuri, hiyo naijua toka wiki ya kwanza, sasa toa O weka E kama kwetu, siente. Nikaingia, nikasalimia mmoja mmoja, nikasimama, nikakohoa kidogo:

"Señora, espero que se siente mejor muy pronto."

Kimya. Kikombe cha jirani mmoja kimeishia njiani hakijafika mdomoni. Mi nikaona aisee, maneno yamewagusa. Nikarudia polepole kwa sauti kubwa, si unajua tena wazee masikio. Bibi akaanza kuwa mwekundu kutokea shingoni kupanda juu. Nikakumbuka salamu za mama, nikazifikisha, "y mi madre, en Tanzania, reza para que se siente bien."

Jirani wa dirishani macho yakashuka taratibu, yakapita meza, yakapita kitambaa, yakatua kwenye ngata.

Iko hivi. Kuna sentirse, kujisikia, na kuna sentarse, kukaa kitako. Ukisema "mimi", wote wawili ni me siento, hata mama yao hawatofautishi. Ila kwenye subjuntivo vitenzi vinavyoishia AR, kama sentar, vinachukua E, na vya ER na IR, kama sentir, vinachukua A, yaani hivi vya pili ni kinyume na kwetu, kwa hiyo wa kukaa anakuwa se siente na wa kujisikia anakuwa se sienta. Mi nimesimama mbele ya kadamnasi nimemwambia bibi wa watu natumaini karibuni utaweza kukaa kitako vizuri, na mama yangu huko Tanzania anasali ukae vizuri.

Operesheni ilikuwa ya bawasiri. Na majirani walikuwa wameambiwa bibi alienda Málaga kwa dada yake.

Wangeweza kusema mgeni kakosea, yakaisha. Ila bibi mwenyewe akajichoma, akanigeukia, "nani kakwambia? Yule wa duka la dawa?" Duh. Jirani wa kikombe kahawa ikamtoka puani. Wakacheka wale wamama mpaka meza inatikisika, mmoja anauliza kwa machozi, sasa hadi Afrika wanajua? Bibi naye akajikaza, akajikaza, mwishowe akacheka, halafu akashika meza akapiga yowe, maana kucheka nako kulikuwa kunauma palepale. Usiku akaja kunigongea mlango, "hijo, wewe kuanzia leo sema que se mejore. Hilo tu."

Mwalimu nilipomsimulia alivua miwani akalaza kichwa mezani, afu akanichorea jedwali mwenyewe. Nikalikariri kama tebo ya saba. Hofu yangu yote ikawa kwenye ile E, nikaapa siitumii tena.

Wiki mbili baadaye nipo kwenye basi limejaa, kapanda mzee na mkongojo wake. Nikasimama chap, adabu za nyumbani, nikamwonyesha kiti, "Señor, por favor, quiero que se sienta."

Mzee akanitazama. "¿Que me sienta cómo, hijo?" Nijisikie vipi, mwanangu?

Nimesimama pale jasho linanitoka na ni Januari. "Bien," nikamwambia.

"Pues regular," akasema, hivyo hivyo tu, akaegemea mkongojo akaanza, goti la kushoto, presha, macho, mtoto wake wa kiume asiyempigia simu, wote wawili tumesimama hadi kituo cha mwisho, na kiti changu kakikalia kijana mmoja na hedifoni zake.