Nimempeleka mama Universal Studios, nimerudi namuwaza yule kijana wa mapango ya Amboni

Bi mkubwa wangu alikuja Marekani kututembelea miezi mitatu, mara yake ya kwanza kupanda ndege, ana miaka 71, kazaliwa Ngamiani pale Tanga kaolewa Ngamiani na magoti ndo hivyo tena, sasa wajukuu wakashikilia kwamba bibi lazima apelekwe Universal Studios Hollywood, maana kwao hicho ndo kitu kikubwa cha kumuonyesha mgeni, kama vile mimi nikipata mgeni Tanga nitamtoa Raskazone akaogelee, jioni akale mihogo na chatne. Nikasema haya, twende.

Niseme kabisa bei maana najua mtauliza. Tiketi ya mtu mmoja ni zaidi ya dola 100 na inapanda kulingana na siku, tulikuwa watano, weka maegesho ya gari, weka chakula, siku nzima ilinitoka kama dola 800, yaani kama milioni mbili za kwetu, na mimi nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee kwa hiyo hela ile niliiweka kidogo kidogo miezi minne. Mama akaniuliza tumelipa ngapi, nikamwambia ukweli, akanyamaza. Afu akasema, "Basi mwanangu tuangalie kila kitu, tusiache hata kimoja."

Na walimtendea vizuri, hilo nalisema kwa moyo mmoja. Tulikodi kiti cha magurudumu getini na hakuna sehemu aliyoshindwa kufika, hata pale penye ngazi ndefu za umeme zinazoshuka mlima kwenda sehemu ya chini wana njia yao ya kuwapitisha wenye viti. Adhuhuri ilipoingia mama akatandika kanga kwenye kona nyuma ya maua, kijana mmoja mfanyakazi akaja, nikajua anatufukuza, kumbe anauliza kama tunahitaji kitu, akasimama pembeni mpaka mama katoa salamu ili watu wasimpitie mbele. Sikumuomba. Tulioko huku tuna mazoea ya kusema watu wa huku hawana utu, mimi tangu siku ile nimeacha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike. Pale kuna ziara ya trem, gari refu la wazi lenye mabehewa, linawazungusha watu nyuma ya studio mahali penyewe panapopigwa sinema, wameanza kuifanya tangu mwaka 1964. Mbele anakaa mtembezaji ana maiki, anaongea kuanzia mnatoka mpaka mnarudi. Mnapita mtaa ambao nyumba zake ni uso tu, nyuma mbao na vyuma. Mnaingia kwenye stesheni ya treni ya chini ya ardhi, tetemeko linaanza, paa linashuka, lori linaanguka, maji yanafurika, afu baada ya dakika chache kila kitu kinarudi mahali pake kusubiri trem inayofuata. Kuna mafuriko yanateremka kutoka juu ya kijiji, kuna ziwa lenye papa wa chuma anayeibuka.

Mama Kiingereza hajui. Kwa hiyo nikamuinamia sikioni nikaanza kumtafsiria, mwanzo neno kwa neno, baadae nikaona neno kwa neno hainogi, nikaanza kunogesha: "Haya mama shika chuma, hawa watu wameambiwa mji mzima unazama, tazama kushoto kwako, yalee maji yanakuja!" Nikajisikia sauti yangu na nikaijua. Ilikuwa sauti ya Lufufu.

Waliokulia Tanzania kipindi changu hawahitaji kuelezwa, ila kwa wadogo zetu niseme kwamba sisi muvi za nje hatukuzisoma maandishi chini, tuliziona kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, jasho linatoka, na Lufufu ndo anakusimulia Kiswahili juu ya picha, huyu kasema hivi, yule anamjibu hivi, na pale yule mtu kanyamaza tu Lufufu anakwambia anachowaza. Mimi nilikuwa nasikia watu wanagombana kwamba kanda hii haina Lufufu nirudishie hela yangu. Picha ni ile ile, muigizaji ni yule yule, lakini bila msimulizi watu hawataki. Ile ilikuwa inatufundisha kitu na hatukukijua.

Watoto wangu nyuma yangu, ambao Kiingereza ndo lugha yao na mtembezaji wanamsikia vizuri kabisa, wakaanza kunisogelea mimi. Dogo akasema "baba sema kwa nguvu".

Afu tukafika kwenye ndege. Ni ndege kweli, Boeing 747, studio walinunua wakaikatakata kwa ajili ya muvi iliyotoka 2005, imelala vipande vipande katikati ya nyumba zilizobomoka, na moshi juu. Watu wote wanapiga picha. Mama akanyanyua mikono akaanza kusoma dua. Nikamwambia mama hapa hakufa mtu, ni ya sinema. Akaniambia nimesikia, lakini akamaliza dua yake. Mwaka 2011 MV Spice Islander ilipozama ikienda Pemba, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alipoteza ndugu, na mama ndo alikaa nae siku zote zile za kusubiri orodha. Sikumbishia tena, nikazima simu nikanyamaza mpaka tukapita.

Njiani nikamsimulia habari ya mwenye studio, hii niliisoma kabla ya kwenda. Carl Laemmle alikuwa Mjerumani, alihamia Marekani mwaka 1884 akiwa na miaka 17, mhamiaji kama mimi. Tarehe 15 Machi 1915 akafungua mji wake wa sinema pale pale, na akawaruhusu watu wa kawaida waingie kwa senti 25 wakae kwenye majukwaa waangalie zinavyopigwa, washangilie, wazomee, maana sinema zilikuwa bubu kelele haziharibu kitu. Zilipoanza kuwa na sauti ndo wakafungiwa nje, mpaka trem zilipokuja.

Sasa hesabu na mimi. Miezi minne tu kabla ya hapo, kuanzia tarehe 2 mpaka 5 Novemba 1914, Tanga kulikuwa na vita. Waingereza wameshusha jeshi la watu kama 8,000 kutoka India, wanapandia Raskazone, upande wa Wajerumani kuna watu kama 1,000 na wengi wao ni askari Waafrika, na ndani ya mashamba na vichaka mizinga ya nyuki ikavurugwa, nyuki wakatoka wakawatandika wanajeshi wale risasi huku nyuki huku, na jeshi kubwa likashindwa na jeshi dogo, likarudi melini likaacha silaha zake ufukweni. Historia inaviita vita vya nyuki. Makaburi ya waliokufa yapo mjini mpaka leo.

Mimi nimesoma Tanga, nimeogelea Raskazone tangu nina miaka sita, na habari ya nyuki nimekuja kuijua vizuri nikiwa huku ughaibuni, kwenye simu, kwa Kiingereza. Hiki ndo kinachoniuma. Mtu analipa dola 100 kwenda kuona papa wa chuma, na sisi tuna ufukwe ambapo nyuki waliingia vitani, mtoto anapita juu yake na mpira kwapani na hakuna mtu wa kumsimamisha amwambie kaa hapa nikusimulie.

Kule chini nako, kwenye lile eneo la dainosaria, binti yangu wa miaka saba anayajua majina yote. Nikamuuliza unajua ile mifupa ya dainosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko yote duniani imetoka wapi, ile ya makumbusho ya Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu? Imetoka Tendaguru, Lindi, kwenu. Ilichimbwa 1909 mpaka 1913, ikabebwa na wapagazi vichwani mpaka bandarini. Hakuniamini mpaka nikamuonyesha kwenye simu. Akaangalia yale madude ya plastiki yanayonguruma, akasema "so ni yetu?" Nikashindwa kumjibu haraka.

Ziko nisizozipenda. Kila mchezo unaisha kwenye duka, yaani mlango wa kutokea ni duka, mtoto hawezi kutoka bila kupita kwenye midoli na wewe mzazi unageuka mtu mbaya mara kumi kwa siku. Na kuna tiketi ya bei juu zaidi ya kuruka foleni, sisi tumesimama saa nzima wao wanapita pembeni wanacheka. Mama akasema kumbe na huku mwenye nacho hapangi foleni. Kwetu jambo hilo linafanyika kwa kificho na mtu anaona haya, huku limeandikwa kwenye bango na bei yake. Sijui kipi kibaya zaidi ila mimi sikupenda watoto wangu walione kama kitu cha kawaida.

Usiku tunarudi, barabara imejaa magari tumekwama, mama kakaa nyuma na wajukuu. Dogo akamuuliza bibi, Tanga kuna kitu kama hiki? Mimi nikataka kujibu hapana. Mama akasema kipo. Akaanza kuwasimulia mapango ya Amboni.

Hapo Kiomoni, ukitoka mjini unashika barabara ya Mombasa, mwendo mfupi tu, mto Mkulumuzi unapita pembeni. Mawe ya chokaa ya zama zile zile za dainosaria wa binti yangu, ya kweli, huyachongi kwa plasta. Mimi nilienda na shule nikiwa darasa la tano. Mtembezaji alikuwa kijana mwembamba ana tochi moja, sisi watoto arobaini, tunaingia kwa kuinama, giza la kushika kwa mkono, popo juu. Anamulika jiwe anasema mnaona nini? Kimya. Anasogeza tochi kidogo, anasema hii si meli? Na ghafla ni meli, ina mlingoti. Anasogeza tena, hili kochi, ule pale mlima Kilimanjaro. Akatuonyesha pa mzimu, watu wanapoacha ubani na marashi, akasema hapa tupunguze sauti, tukapunguza. Akatusimulia wazungu walioingia na mbwa wao wakapotea na mbwa akaja kuonekana Kilimanjaro. Akatusimulia Osale Otango na mwenzie Paulo Hamisi, wale waliowasumbua walowezi miaka ya 1950 na kujificha mle ndani, na inasemekana walichochukua waligawia maskini. Afu akazima tochi. Akasema, sasa sikilizeni Osale alivyokuwa anasikia. Watoto arobaini hakuna aliyekohoa.

Dola ngapi zingeweza kutengeneza dakika ile? Hakuna trem, hakuna mashine ya maji, kulikuwa na mtu mmoja anayejua kusimulia. Tulipotoka mwalimu akampa sijui nini, hela ya soda, tukaondoka tukiimba. Yule wa Hollywood mwenye maiki anafanyiwa usaili, anafundishwa, ana mshahara, ana sare, na wanajua kabisa kwamba bila yeye ile ni safari ya kupita kwenye nyumba zisizo na nyuma. Sisi wenye mahali pa kweli ndo tunamchukulia msimulizi kama mtu wa kupewa bahashishi.

Kwenye grupu letu la WhatsApp la watu wa Tanga nikiweka picha za ile siku wengi wakaandika na sisi tujengewe kama hii, mwekezaji aje. Mimi sikubaliani, na nimewaambia. Ukileta papa wa chuma Tanga, akiharibika mota kwisha habari, tutabaki na chuma chenye kutu baharini. Mnachokiona kwenye zile picha ni chuma, mimi niliyelipa nawaambia kilichonikalisha kwenye kiti ni yule dada mwenye maiki. Chukueni vijana sita wenye mdomo, wale wanaojulikana mtaani wakianza hadithi baraza zima linasogea, wapewe mafunzo, wapewe mshahara wa mwezi, wakae na wazee waliobaki kabla hatujawazika wote, mmoja asimame Raskazone, mmoja Amboni, mmoja kwenye magofu ya Tongoni. Na wekeni vyoo, na njia ambayo mama mwenye magoti mabovu anaweza kupita angalau mpaka mlangoni pa pango, maana hilo la viti vya magurudumu wenzetu wametushinda mbali sana na hakuna sababu ya kulionea wivu, ni zege tu.

Ndani ya gari mama alikuwa kafika pale Osale anapozingirwa. Dogo kaweka tableti chini, anauliza afu? afu? na Kiswahili chake cha kuungaunga. Bibi akasema nyingine nitakumalizia tukifika mlangoni kwake.

Desemba tunakuja wote, tiketi za ndege nimeshaanza kulipia. Kama upo Tanga na unamjua mzee au kijana anayeweza kututembeza kutoka Raskazone mpaka mjini akitusimulia vile vita vya nyuki hatua kwa hatua, wapi walishukia, wapi walikimbilia, naomba mniunganishe nae. Nitamlipa bei ya tiketi moja ya Universal, na mama nitamkodia bajaji ifuate nyuma yetu taratibu ili na yeye asikie.