Muda wa Kuzika Tunaupata Wapi?

Wiki iliyopita tulimzika shangazi yangu Morogoro, na tangu nirudi nina hasira ambayo sala na uji wa msibani havikuweza kuipoza. Taarifa ya kifo iliingia kwenye kundi la familia alfajiri. Kabla ya adhuhuri mwenyekiti wa kamati alishapatikana, mweka hazina alishapatikana, Kosta zilishakodiwa, na watu ambao mwaka mzima walikuwa wamebanwa na kazi walishaomba ruhusa, wakapewa, na wengine wakafika hata kabla turubai halijafungwa. Shangazi huyohuyo alipokuwa kitandani kwa miezi kadhaa, majibu yaliyomfikia yalikuwa yaleyale: nitakuja mwisho wa wiki, ngoja nimalize jambo fulani, si unayajua maisha ya Dar.

Naomba tuache kuusingizia muda. Hoja ya umbali ilikuwa na uzito wake zamani, lakini tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro huchukua chini ya saa mbili, muda ambao wengi wetu tunaumaliza kwenye foleni ya Mbagala bila kumlalamikia yeyote. Muda ulikuwepo. Tuliwagawia wengine, yeye tukamweka mwisho kwa sababu tulijua hatatugombeza.

M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 ilituondolea adha nyingi, na nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba dawa zake za presha zilinunuliwa kwa fedha tulizotuma kwa simu. Ila tulizoea kutuma badala ya kwenda, kisha tukasubiri kushukuriwa. Binti aliyekuwa akimuuguza aliniambia kwamba kila pesa ilipoingia, shangazi alimwomba amsomee ujumbe wa muamala polepole, akitaka zaidi kusikia jina la aliyetuma kuliko kiasi chenyewe, kisha akauliza: "Hajaandika na kingine?" Ujumbe ule hauna kingine. Una jina, kiasi, tarehe, saa na salio.

Kwa wanaotaka ushahidi wa kisomi, upo utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938, ukawafuatilia watu kwa zaidi ya miaka 80, na ukabaini kwamba waliokuwa na uhusiano mzuri na watu wao walizeeka wakiwa na afya na furaha kuliko wenzao. Hongera zao. Huku kwetu tuna "mgeni njoo, mwenyeji apone", msemo tunaoupamba ukutani na kwenye khanga, halafu mwenyeji anaugua hadi anakufa mlango ukiwa wazi.

Ninachoamini ni kwamba tumeifanya furaha kuwa jambo la baadaye: baada ya kumaliza nyumba, baada ya ada, baada ya mkopo wa benki. Huko baadaye tumewapeleka pia watu tunaowapenda, kana kwamba nao wamekubali kutusubiri wakiwa na umri uleule na pumzi zilezile. Msiba unatutoa nyumbani kwa sababu una tarehe, una daftari la rambirambi, na asiyeonekana atasemwa. Kumtembelea mzee siku ya Jumanne isiyo na tukio hakuna kamati inayokudai, na hakuna atakayekupiga picha.

Sasa kundi la familia limeanza kupanga arobaini. Kuna mjadala mkali wa rangi ya vitenge, na michango inaingia vizuri kuliko nilivyotarajia. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyebaki kati ya ndugu zake, yupo Dodoma, ana kisukari, na macho yake hayaoni vizuri tena. SGR inafika mpaka huko. Nimeuliza kundini ni nani ataambatana nami Jumamosi kwenda kumjulia hali, na mpaka naandika haya nimejibiwa na mtu mmoja, aliyetaka kujua kama baba mdogo ametuma mchango wake.