Ule msiba wa spika: ngojeni nieleze mwenyewe

Dulla kawahi. Najua kuna voisi yake inazunguka tangu jana usiku, dakika nne nzima, tatu kati ya hizo anacheka tu, anawaambia watu eti nimezika spika. Sijazika spika. Hakuna aliyezika kitu. Na yeye mwenyewe hakuwepo, alifika watu wanakunja turubai, kwa hiyo hayo ya "jamaa kalia mpaka kazimia" kayatoa kichwani kwake.

Haya. Zile ampu, mashine za kuzipa spika nguvu ya kupiga, zilifika, ndiyo. Mono mbili, yaani kila spika na ampu yake, za valvu, yale mataa ya kioo kama ya redio za zamani, kila moja ina valvu kubwa mbili mbele aina ya KT88, na transfoma nyuma ambazo ukibeba ampu moja kutoka getini mpaka sebuleni unafika umeshatubu dhambi zako zote. Mama Nasri anajua nimenunua redio. Bei niliyomwambia ni bei ya waya wa spika. Niacheni kwanza, hilo nitahukumiwa kivyake.

Sasa watu wa mambo haya wanasema ampu mpya huianzi kuisikiliza kwa moyo siku hiyohiyo. Inakuwa na ukali fulani, sauti imebana, lazima uizoeshe, iachie ipige masaa mia hivi, halafu ndio upime tena bayasi za valvu, yaani umeme unaopita ndani yake zikiwa zimetulia, kwa mita ujue zimekaa wapi. Wengine wanasema hizo ni hadithi, valvu zinatulia mapema tu na kinachozoea hayo masaa yote ni masikio yako wewe. Ukiniuliza leo nakubaliana na yeyote. Ila Ijumaa nilikuwa muumini.

Na Ijumaa ndio ilikuwa siku yenyewe, maana Mama Nasri alikuwa anampeleka mama yake Tanga kwenye harusi. Mama mkwe tunaishi naye, miguu ilikuwa inamsumbua wiki mbili hajatoka nje, basi wakaondoka na basi la alfajiri, saa kumi, mtaa mzima umelala. Shikeni hapo. Hakuna mtu hata mmoja aliyemwona bibi akitoka.

Tatizo likawa masaa mia. Tabata hii huwezi kupiga muziki masaa mia, mjumbe atakuja saa ya tatu. Lakini kuna ujanja. Unazilaza spika zako mbili zitazamane, pua kwa pua, halafu moja unaigeuzia waya, nyekundu unaweka kwenye nyeusi, nyeusi kwenye nyekundu. Ukipiga sauti ya mono, yaani ileile moja kwa spika zote mbili, koni ya huku, ile sahani ya mbele inayosukuma hewa, ikisukuma ya kule inavuta, zinauana zenyewe kwa zenyewe. Besi inakufa kabisa, inabaki shhhhh nyembamba tu, hiyo unaifunika na blanketi unalala zako. Na unachopiga sio muziki, ni lile povu la kelele, kama mvua ya mbali, lisaa limoja, kisha mlio mmoja unaopanda pole pole kutoka mzito kabisa wa hetzi 20 mpaka mwembamba kabisa wa hetzi 20,000, halafu unaanza upya.

Nikatoa makochi yote nikayaweka barazani nipate nafasi. Nikatandika mkeka, tiles zisikwaruze mbao. Spika nikazilaza juu ya mkeka, mita moja na kidogo, nikafunika blanketi la kijivu, juu yake kanga ya mama mkwe maana blanketi lilikuwa halifiki. Ampu nikaziweka upande wa chini, wazi, kwa sababu valvu haifunikwi, inataka hewa. Mlango nao nikaacha wazi joto litoke. Taa nikazima ili nizione zinavyowaka, ule wekundu kama makaa ya jikoni. Na kwa kuwa transfoma mpya ikipata moto inatoa harufu ya vanishi, nikachoma udi.

Najua. NAJUA. Nyie mnaisoma mkiwa mmekaa vizuri mnaona kila kitu. Mimi nilikuwa naona ampu.

Jumamosi mchana Mama Zuu, jirani yangu wa ukuta, akanikuta getini nimevaa kikoi, macho mekundu maana usiku sikulala nazitazama tu. Akaangalia makochi barazani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, baba, kwema humo ndani? Mimi kichwani nina siri ya bei, nikamjibu, mama yangu, mambo yameshaisha, namsubiri tu Mama Nasri arudi ndio tufunue, ila nakuomba usimwambie mtu kwa sasa.

Akanishika mkono akaondoka bila kusema neno. Nikasema huyu mama ana heshima sana.

Saa moja jioni nimeingia kuoga. Nipo na povu kichwani nasikia kama watu, viatu vinavuliwa. Nikakumbuka Dulla alisema ataleta washkaji waje wasikilize. Moyo ukafurahi jamani. Nikajifunga taulo nikatoka na povu langu hivyohivyo, jicho moja limefumba.

Sebuleni wamekaa watu kama ishirini. Kimya. Wanawake kwenye mkeka, kanga vichwani, wanaume wamesimama ukutani. Wote wanatazama spika. Wadau, miaka yote naingia kwenye hobi hii hakuna mtu aliyewahi kuzitazama spika zangu kwa adabu ile. Nikasema Dulla safari hii kaleta watu wanaojua.

Ustadhi wetu wa msikiti wa hapa nyuma akanisogelea, akanishika bega, akaniambia pole mwanangu, ndio safari yetu sote.

Nikasema asante ustadhi, safari ilikuwa ndefu kweli, zimekaa bandarini wiki tatu.

Akanitazama. Akaona labda ni mshtuko. Akauliza, je, ameshaoshwa?

Nikamwambia hapana, hizi maji hayagusi, kitambaa kikavu tu.

Mama mmoja akaguna. Ustadhi akameza mate, akasema basi tufanye haraka, mnategemea lini?

Nikamwambia hakuna haraka ustadhi, ni masaa mia, leo ndio kwanza yapo thelathini na moja.

"Masaa mia?!" Hiyo ni sauti ya mjumbe, yule ambaye hata kwenye kikao cha takataka hapandishi sauti.

Hapo ndio jicho la pili likafumbuka. Nikaona sufuria kubwa mlangoni. Nikaona kijana kabeba gunia la mkaa. Nje kwenye uwanja wangu kuna watu wanafunga kamba ya turubai kwenye mwembe. Na nikamwona Mama Zuu kapiga magoti kando ya spika, machozi yanamdondoka, ananyoosha mkono upande wa chini, pale karibu na ampu, anaweka kiganja kwenye kanga ya mama mkwe.

Nataka kufungua mdomo niseme. Povu likaingia mdomoni.

Mama Zuu akasema, kwa sauti ndogo kabisa, "bado ana joto."

Kimya.

"Anatetemeka."

Mbao ya spika lazima itetemeke, mkono ukiweka utaisikia, hiyo ni fizikia, lakini nani wa kumwambia saa ile. Akainamisha sikio. Shhhhh. Akainua kichwa, macho yametoka: "Jamani, bibi anapumua!"

Na hapohapo lisaa likaisha. Shhh ikakatika. Nikajua kinachokuja ni nini na mwili mzima ukaniisha nguvu. Hetzi 20 hakuna aliyeisikia. Hetzi 40 wapi. Zinauana vizuri tu pale chini ya blanketi, kimya kama kaburi, na kama Mama Zuu angetulia yangepita, lakini Mama Zuu alikuwa anataka kumwokoa bibi, akalishika blanketi kwa mikono miwili akalivuta kwa nguvu zake zote, na spika ya kushoto ikabiringita nayo. Zikaachana. Zikiachana haziuani tena. Kwenye hetzi mia hivi sauti ikafumuka nzima, na ampu zile, niwaambie ukweli, zina besi: UUUUUUUuuuuuu, inapanda, uuuuuuuuoooooo, inapanda, mkeka unacheza, vikombe kabatini vinagongana.

Gunia la mkaa lilidondoka. Mjumbe alipita dirishani. Dirisha lina nyavu, ndugu zangu, alitoka nazo. Kina mama wanapanda juu ya kina mama. Na katika kukimbia kuna mguu ukanasa waya wa spika ya kulia, ukachomoka pwaa nyuma ya ampu.

Mnaojua valvu mmeshashika vichwa. Ampu ya valvu inayopiga bila spika, umeme unakosa pa kwenda, unarudi kupasua transfoma ya ndani, na transfoma ile ni nusu ya bei. Ile bei ya kweli. Nikaruka. Nimeruka juu ya sufuria, juu ya viatu, juu ya mama mmoja aliyelala kifudifudi anasoma dua, na katikati ya mruko nikasikia taulo linafunguka. Kuna sekunde pale niliweza kuchagua. Mkono mmoja uko huru. Taulo au swichi.

Nilichagua swichi.

Zote mbili, tap, tap. Kimya. Giza, ule wekundu unafifia taratibu. Halafu mjinga mmoja akawasha taa ya sebule.

Ustadhi ndiye pekee aliyebaki, Mungu amlinde. Hakusema kitu. Aliokota kanga ya mama mkwe akanifunika nayo huku katazama ukutani. Na hiyo kanga imeandikwa SINA SIRI NINA JIBU.

Mengine haraka haraka. Mama Zuu alikuwa ameshampigia Mama Nasri kumpa pole ya kufiwa na mama, Mama Nasri akaachia simu harusini, simu ikaokotwa na marehemu mwenyewe akauliza nani kafa. Nikapigiwa. Nikaeleza. Katika kueleza bei ikatoka, sijui ilitokaje. Rambirambi zilikuwa 64,500, daftari analo Mama Zuu na anarudishia mtu mmoja mmoja, kila akirudishia anahadithia upya. Mjumbe anadai nyavu. Ampu nzima, valvu kubwa zote nne nzima, nilizipima leo asubuhi mkono unatetemeka. Na LUKU sasa: zote mbili zinakula karibu wati 400, hata zisipopiga hazili pungufu sana, kwa siku unit tisa na ushee, nami nilikuwa nahesabiwa wale wa chini ya unit 75 kwa mwezi, wa umeme wa bei nafuu. Nilikuwa.

Wanarudi kesho kutwa. Mama mkwe kanitumia voisi yake mwenyewe, hajakasirika hata kidogo, anasema makochi yasirudishwe ndani kwanza na mkeka usikunjwe, anataka aonyeshwe pale alipolazwa, na hiyo redio iliyomlilia anataka kuisikia. Yamebaki masaa sitini na tisa. Nimeziwasha tena, mlango nimefunga.